Tairi 265/70R16 kwenye Hilux ya toshenba: shajara ya mradi, Tanga

8 Februari 2025: gari na shabaha

Gari ni Hilux dabo kabini, LN167, injini 5L ya dizeli, ya kuvuta mbele na nyuma. Kazi yake ni kushusha iliki, pilipili manga na mdalasini kutoka vijiji vya juu, njia ya Muheza kwenda Amani, hadi Tanga mjini. Kiangazi hakuna neno. Masika ikikolea, zile kona za milimani zinageuka utelezi, na matairi ya sasa, 205R16C, ni membamba; yanachimba mfereji halafu tumbo la gari linakaa juu ya mgongo wa barabara.

Nimeamua kupanda hadi 265/70R16. Hesabu kwanza: 205R16C ina kipenyo cha kama mm 735, na 265/70R16 ni mm 777. Gari zima litapanda mm 21 tu, maana ni nusu ya tofauti ndiyo inayokwenda chini ya ekseli. Shida iko kwenye upana. Tairi linaongezeka mm 60, kutoka 205 hadi 265, na upana huo ni lazima upate pa kukaa usukani unapokatwa.

Rimu za zamani ni nyembamba mno kwa 265. Nimepata za Prado 90, mtumba, upana wa inchi 7, matundu sita, duara la bolti mm 139.7 kama la Hilux, kwa hiyo zinaingia bila kutoboa kitu. Rimu nne shilingi 480,000. Matairi manne 1,360,000. Hapo bado hata spana haijashikwa.

Wenye Hilux LN106 wasihangaike na shajara hii. Ile ina ekseli nzima na springi pleti mbele, ni habari nyingine kabisa. Hii ina toshenba: chuma kirefu cha duara kilicholazwa kandokando ya chesisi, mbele kimeshika amu ya juu, yaani mkono wa chuma unaobeba gurudumu, nyuma kimeingia kwenye mkono mfupi wenye bolti ndefu chini ya kabini. Gurudumu likipanda, chuma kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa, kisha kinajirudisha. Ukikaza ile bolti, pua ya gari inanyanyuka. Ukilegeza, inashuka.

Kipimo cha kuanzia, gari tupu, tangi nusu, kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi: kulia sm 49, kushoto sm 48.5.

15 Februari: linagusa wapi hasa

Matairi yamefungwa mbele tu kwanza. Badala ya kukisia, nilipaka chaki nyeupe ndani ya madigadi yote mawili, nikazungusha gari uwanjani Mikanjuni, usukani nimekata mpaka mwisho, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Chaki ilikofutika ndiko tairi linakogusa.

Nilitarajia liguse juu. Juu hapakuguswa kabisa. Limegusa nyuma ya gurudumu, pale chini ambapo bati la kabini limekutana na bati jingine likaacha mshono uliosimama kama ukucha. Limegusa mpira wa kuzuia matope, na upande wa kushoto limegusa kona ya bampa la chuma. Pale kwenye mshono linagusa kwa bega la ndani la tairi, usukani ukiwa robo tatu na kuendelea.

Hii picha ya chaki ndiyo yenye thamani kuliko yote yaliyofuata. Kama tairi linagusa nyuma na si juu, basi linataka nafasi ya kwenda mbele. Lakini kila uliyemwuliza mjini alikuwa na jibu moja: "Kaza toshenba, bosi, linaisha hilo."

22 Februari: toshenba imekazwa, na yaliyofuata

Gereji ya kwanza walikaza bila kupima. Gari likashuka kwenye jeki likiwa limesimama kama mbwa aliyesikia mlango, pua juu: sm 55 kulia, sm 55.5 kushoto. Malipo 30,000. Kwa macho lilipendeza, na watu walisifia.

Kwenye usukani halikupendeza. Kuanzia Pongwe hadi Muheza kila kiraka cha lami kilipiga "ko!" mbele, na kwenye matuta ya vijijini ile "ko" ikawa nzito zaidi wakati gurudumu linashuka, si wakati linapanda. Sababu ni hii. Amu ina mpira wa kuzuia juu na mpira wa kuzuia chini, na gurudumu linacheza katikati ya hiyo miwili. Toshenba ikikazwa sana amu inalala karibu kabisa na mpira wa chini. Kwenye gari hili ilibaki nafasi ya kidole chembamba. Gurudumu likiingia shimoni halina pa kushukia, amu inagonga kizuizi, na gari zima linadondoka nalo.

Mengine yaliyojitokeza kwa urefu ule:

Matairi yalilalia nje juu, yaani kemba imekwenda chanya, na ukingo wa nje ulianza kuchubuka mapema. Sivi jointi, vile viungo vya shafti za mbele, zilikaa kwa pembe kali, na buti (mpira unaofunika jointi) la upande wa kushoto, lililokuwa na ufa wa zamani, likapasuka likamwaga grisi kwenye rimu. Buti, grisi na ufundi: 55,000. Taa zikawa zinamulika madereva wa mbele machoni. Njia ya Segera usiku walinipigia ful hadi nikaona haya.

Na mshono? Tairi bado liligusa pale pale. Limepanda bodi, gurudumu limebaki mahali pake kwa urefu wa gari, na mshono unakwenda chini karibu na sakafu ya kabini. Zile sentimita sita hadi saba zilinunua nafasi pale ambapo nafasi ilikuwepo tangu mwanzo.

1 Machi: kulegeza, na jaribio la bila mzigo

Nimepelekwa kwa fundi mmoja wa makamo Ngamiani, mtu wa gari za Toyota tangu enzi za LN65. Alilitazama gari likiwa bado barabarani, hajainama, akasema: "Mwanangu, hili umelinyonga." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, ndiyo maana nimekuja."

Alichofanya kwanza sijakiona gereji nyingine, na kila mwenye mradi kama huu akifanye kabla ya kununua chochote. Gari likawekwa kwenye stendi kwa chesisi. Bolti za toshenba zikalegezwa hadi chuma hakina nguvu kabisa, shokapu zikatolewa. Sasa gurudumu ni la kunyanyua kwa jeki ndogo, halina ubishi. Akalipandisha taratibu hadi amu ikagonga mpira wa kuzuia wa juu, yaani pale gurudumu linapofika siku unaanguka kwenye korongo na mzigo kamili. Kila sentimita mbili alisimama, akakata usukani kulia na kushoto, akapitisha kidole kati ya tairi na bati.

Tuligundua kwamba juu, hata gurudumu likiwa limepanda mwisho, pana nafasi ya vidole viwili. Hakuna haja ya kuinua gari kwa ajili ya tairi hili. Linahitaji kusogea mbele kama sentimita moja, na mshono ulazwe.

Angalizo kwa anayeiga: kabla ya kulegeza, weka alama ya rangi kwenye nyuzi za bolti na kwenye meno ya toshenba pale inapoingia mkononi. Na toshenba ya kulia si ya kushoto. Zina herufi mwishoni, L na R, na zimeshasokotwa kwa upande wake tangu kiwandani. Ukizibadilishana zinachoka na zinaweza kukatika.

Tumerudisha toshenba kwa sm 51.5 pande zote mbili. Ni sentimita mbili na nusu kulia na tatu kushoto juu ya ilivyokuwa, zinazotosha kwa mzigo wa mbele na bampa la chuma, na amu ina nafasi nzuri ya kushuka. Ile "ko" imekufa. Mzee alikataa malipo ya siku hiyo, akasema tutahesabu mwisho.

Kuna waliopendekeza spesa za kutoa gurudumu nje. Hapana. Tairi likitoka nje zaidi, linapokatwa linachora duara kubwa zaidi kuzunguka bolijointi, kiungo ambacho gurudumu linageukia, na lile duara linakwenda kugonga mshono huo huo na bampa hilo hilo kwa nguvu zaidi. Wengine walisema kaza kizuizi cha usukani ili lisikate mpaka mwisho. Hilo linafanya kazi, ila mtu aliyewahi kugeuza Hilux kwenye barabara za namba za Ngamiani, pikipiki huku, mkokoteni wa madafu kule, hatakubali kupoteza hata robo ya kona.

22 Machi: bolti za alaimenti (za kunyoosha magurudumu) hazitoki

Mwezi wa Ramadhani kazi ya gereji inakwenda asubuhi tu, adhuhuri watu wanapumzika, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo hatua hii ilichukua muda kuliko inavyostahili. Ila hata bila mfungo ingechelewa.

Nadharia ni nyepesi. Amu ya chini imeshikwa kwenye chesisi na bolti mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina kamu, kile kisahani chenye tundu lisilo katikati. Ukizungusha kamu, mguu wa amu unaingia ndani au unatoka nje. Mguu wa mbele ukiingia ndani na wa nyuma ukatoka nje, amu yote inageuka kidogo na ncha yake, penye bolijointi na gurudumu, inaelekea mbele ya gari. Kemba haibadiliki sana kwa sababu mmoja umeingia na mwingine umetoka. Kinachoongezeka ni kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia, na kasta zaidi kwenye tairi pana ni neema, usukani unajirudisha wenyewe vizuri.

Sasa vitendo. Gari la Tanga linalala kwenye hewa ya chumvi miaka yote. Nati zilifunguka. Bolti hazikuzunguka. Kutu ilikuwa imeishikamanisha bolti na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira wa kiungo cha amu, kiasi kwamba ukiweka bomba refu kwenye spana bolti inazunguka pamoja na bushi, mpira unajisokota, ukiachia inarudi. Mtu asiyetazama kwa chini anaweza kudhani amerekebisha, mashine ya alaimenti ikamwonyesha namba nzuri, na akifika Pongwe mpira umerudisha kila kitu.

Tulijaribu mafuta ya kutolea kutu, yakalala usiku kucha. Bure. Tukajaribu nyundo, na nati imeachwa kichwani ili nyuzi zisiharibike. Bolti moja, ya nyuma kulia, ilikubali. Kijana mmoja akaja na moto wa gesi. Mzee akamzuia: mpira wa bushi ukishika moto pale chini, na bomba la dizeli linapita hatua mbili kutoka hapo, hatuzungumzii tena tairi.

Ikabaki grenda. Bolti tatu zilikatwa kwa kupenyeza jiwe jembamba kati ya mguu wa amu na masikio ya chesisi, kila bolti mikato miwili, mbele na nyuma ya bushi. Nafasi ni ndogo na ukiteleza unakula sikio la chesisi, ambalo ndilo kamu inaegemea. Mzee alikata mwenyewe, taratibu, akipuliza vumbi kila mara ili aone mstari. Amu ziliposhuka, mapande ya bolti yalitoka na bushi zake, na ndani ya bomba kutu ilikuwa imejaa ganda juu ya ganda.

Gharama ya hatua hii: bolti za kamu nne na visahani vyake 100,000 (ile moja iliyokubali nayo tumeibadilisha, nyuzi zilikuwa zimechoka), bushi nne za amu ya chini 60,000, mawe ya grenda 10,000, kusukuma bushi kwa presi na ufundi wote 80,000.

Wakati wa kufunga, bolti zote zimepakwa grisi nzito ya shaba kuanzia kichwani hadi kwenye nyuzi. Tena nati za bushi hazikazwi mwisho gari likiwa hewani. Unalishusha, unalitikisa, unalisogeza mbele na nyuma likae, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa limening'inia, mpira wa bushi unakaa umesokotwa muda wote na unakufa mapema.

5 Aprili: mashine ya alaimenti

Sikukuu imepita, watu wamerudi kazini. Kamu ziliwekwa kwa jicho: za mbele ndani, za nyuma nje, karibu na mwisho wake. Nikipima kwa futi, gurudumu limesogea mbele mm 9 kulia na mm 10 kushoto. Mashine ilionyesha kasta nyuzi 3.1 kulia na 2.8 kushoto. Kabla ya kazi yote ilikuwa karibu nyuzi moja. Kemba ikawekwa karibu na sifuri na tou, yaani matairi yanavyoelekezana kwa mbele, ikanyooshwa kwa tairodi, vyuma vya usukani. Malipo 40,000.

Fundi wa mashine aliridhika kwa sababu namba zote zilikuwa za kijani. Barabarani gari lilivuta kushoto, si sana, ila mkono wa kulia ulichoka kabla ya Muheza. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo, na upande huo hapa ulikuwa kushoto. Zaidi ya hayo, sisi tunaendesha kushoto na barabara zimeinamishwa kushoto ili maji yatiririke, kwa hiyo mteremko nao unasukuma huko huko. Nilirudi nikaomba kushoto kuzidi kulia badala ya kupungukiwa: kushoto 3.2, kulia 2.8. Akanitazama kwa shaka, akafanya. 20,000. Sasa linakwenda sawa, unaweza kuachia usukani kwa nukta chache bila hofu.

12 Aprili: nyundo na mshono

Hili ni fupi. Kapeti la ndani ya kabini limefunuliwa kwanza kuona hakuna nyaya nyuma ya lile bati. Upande wa abiria kulikuwa na mkungu wa nyaya, tukausogeza. Mshono umelazwa kwa nyundo ya kilo moja na kipande cha chuma kama fuawe, kidogo kidogo, usivunje kiungo cha mabati. Kiungo kikifunguka, maji ya masika yataingia miguuni. Juu yake silikoni ya bodi, halafu rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili. 18,000 jumla. Mpira wa matope umesogezwa nyuma tundu moja. Kona ya bampa kushoto imekatwa kwa grenda na kuchomelewa upya, mzee ameihesabu ndani ya ufundi wake.

Chaki tena. Usukani mwisho, mbele na nyuma: haikufutika popote.

26 Aprili: Amani, na mzigo

Sikukuu ya Muungano, mvua tangu alfajiri. Barabara ya kupanda Amani ilikuwa kama ilivyo kila Aprili, mawe yaliyooshwa na udongo mwekundu unaoteleza. Kurudi tulibeba magunia ya iliki na mdalasini, na abiria wawili nyuma.

Matairi yalipanda pale ambapo mwaka jana tulisukuma. Lakini gari safi uwanjani si gari lenye matope. Udongo ulijaa kati ya tairi na mshono uliolazwa, ukakauka, na mawe madogo yakanasa humo. Kwenye kona ya kushuka, usukani umekatwa na breki imeshikwa, tairi la kushoto lilisugua kwa sauti ya msasa. Breki inapokamatwa pua inazama, na bushi, hata mpya, zinaruhusu gurudumu kurudi nyuma kidogo. Nilikuta plastiki ya ndani ya madigadi imechanwa na klipu yake imeng'oka. Kitu chenyewe kilichosuguliwa ni plastiki, si bati.

Dawa: plastiki imekatwa kipande cha upana wa kiganja, na kilichobaki kimeshikwa na riveti badala ya klipu. Baada ya hapo nimepanda tena na sauti haijarudi, mradi nichokoe matope kwa kijiti kabla ya kushuka.

17 Mei: vipimo vya mwisho na hesabu

Toshenba zimeshuka kidogo kama inavyotarajiwa zikiwekwa upya: kulia sm 51, kushoto sm 50.5. Nimeongeza kushoto robo ya mzunguko wa bolti, jeki ikiwa imebeba gari ili nyuzi zisilie. Taa zimeshushwa. Spidomita imebaki nyuma kwa asilimia kama sita, yaani ikisoma 50 gari linakwenda karibu 53, na askari wa tochi vijijini hawana habari na ukubwa wa tairi lako.

Ukiondoa matairi na rimu, mradi umekula 413,000. Ukitoa pia ile 30,000 ya kunyanyua bila kupima na buti lililopasuka kwa ajili yake, kazi yenyewe ni 328,000, na sehemu kubwa ni kutu.

Kilichobaki ni tairi la akiba. Chini ya bodi nyuma bado ni 205R16C, maana la tano la 265 sijalinunua. Likifungwa siku ya pancha, habu za mbele ziwe zimefunguliwa zisishike shafti, na gia ya kuvuta mbele isiguswe. Vipenyo viwili tofauti kwenye ekseli zilizofungwa pamoja vitavunja kitu cha bei kubwa kuliko tairi. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko cha boksi la zana, kwa dereva atakayekuwa nalo siku hiyo.